Meza, Kabati na Pambo la Ukutani: Niliyojifunza Nikitengenezea Nyumba ya Mtu

Kabla ya kazi hii nilikuwa nimeshatengeneza vitu vingi vya mbao: viti, rafu, vitanda, fremu za vioo. Karibu vyote vilikuwa vya kwangu au vya ndugu, na ndugu huvumilia droo inayokwama. Kisha dada mmoja aliyekuwa anamalizia nyumba yake akaniomba nimtengenezee vitu vitatu kwa vipimo vyake: meza ya kulia ya watu wanane, kabati la vitabu la kujaza ukuta mmoja, na pambo kubwa la mbao la kutundika juu ya sofa. Nikakubali palepale. Naandika kwa ajili ya anayekaribia kukubali kazi ya namna hiyo, maana sehemu kubwa ya gharama zilizoniangukia ingeepukika kabla msumeno haujagusa mbao.

Nianze na mbao zenyewe. Muuzaji akikwambia mbao imekauka, anakwambia kwa kuishika na kuitazama. Kwa mkono inaweza kuwa kavu kabisa, na ndani bado ina unyevu wa asilimia 20. Unyevu huo ni uzito wa maji yaliyomo ukilinganishwa na uzito wa mbao hiyohiyo ikiwa kavu kabisa. Mti mbichi ukianza kukauka, mwanzoni hausinyai. Unaanza kusinyaa unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na kuanzia hapo hauachi mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huipeleka mbao kwenye asilimia 12 hivi. Hewa ya asilimia 80 huiacha kwenye 16. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku, au chenye hita, kinaweza kuishusha hadi 8 au 9.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama mbao imekaukia hewa ya chumba itakamoishi. Mbao iliyotulia vizuri kwenye banda lako la wazi itaanza safari nyingine ikiingia sebuleni kwa mtu. Siku hizi nina kifaa cha kupimia unyevu, kile chenye sindano mbili, na ni kitu cha kwanza ambacho ningemshauri fundi anunue hata kabla ya mashine ya pili. Kama bado huna, chukua kipande kidogo kutoka katikati ya mbao, si kichwani, kwa sababu kichwani hukauka mapema na kukudanganya. Kipime uzito, kiweke kwenye oveni ya joto la nyuzi 103, ukipime tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Gawanya uzito uliopotea kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Njia rahisi zaidi ni kupima uzito wa mbao nzima, kuuandika kwa chaki juu ya mbao yenyewe, na kurudia kila wiki. Uzito ukisimama, mbao imetulia na hewa ya hapo.

Kukausha kwa hewa tu kunahitaji subira. Mafundi wengi hukadiria mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Mbao zipangwe juu ya vijiti vinavyolingana unene, vijiti vya juu vikae moja kwa moja juu ya vya chini, na vichwa vya mbao vipakwe rangi au nta ili visikauke haraka na kupasuka.

Jambo jingine la kuangalia sokoni ni kichwa cha mbao, pale ilipokatwa. Ukiona mistari ya ukuaji imesimama kama inatoka uso mmoja kwenda wa pili, mbao hiyo itatulia zaidi. Ikiwa mistari imelala sambamba na uso, au imejikunja kama upinde, itatanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na itapenda kujikunja. Kwa urefu mbao hubadilika kidogo mno, hata usihangaike nako. Tatizo ni upana. Tiki kwa mfano, ambayo husifiwa kwa utulivu, husinyaa karibu asilimia 5.8 kuufuata mviringo wa mti na asilimia 2.5 kutoka kiini kwenda gome, kuanzia ubichi mpaka ukavu kamili. Takwimu hizi nilizifahamu tangu zamani. Maana yake halisi niliipata kwenye meza ya dada huyu, nitafika huko.

Wakati mbao zikitulia nilikwenda kupima nyumba. Nilipima ukuta wa kabati mahali patatu, chini, katikati na juu, na vipimo vikatofautiana kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Hiyo ni kawaida. Kuta za tofali na plasta huwa hazijanyooka, na pembe ya chumba mara chache ni digrii 90 kamili. Ukitengeneza kabati la upana sawasawa na ukuta, ama halitaingia, ama litaacha mwanya upande mmoja. Dawa yake ni kulitengeneza fupi kwa sentimita tatu au nne, kisha kuziba kila upande kwa ubao mwembamba uliochongwa kufuata ukuta. Ubao huo unausogeza ukutani, unatembeza penseli iliyobanwa na kipande kidogo cha mbao kutoka juu mpaka chini, ule mstari unachukua kila bonde na kila kilima cha plasta, halafu unauchonga kwa randa ndogo mpaka kwenye mstari. Ukikaa, unaonekana kana kwamba ukuta umejengwa kuufuata.

Dari ilikuwa na kimo cha sentimita 245. Nikachora kabati la kimo cha 240 na kina cha 60, chini kukiwa na milango na juu rafu. Mzee aliyenifundisha kazi alipopita kuona mchoro aliuliza swali moja tu.

"Hili utalisimamishaje?"

"Tutaliingiza likiwa limelala, mzee, halafu tulinyanyue."

Akachukua penseli, akachora mstari kutoka pembe ya chini ya nyuma mpaka pembe ya juu ya mbele. "Pima huo."

Mstari ule ulikuwa sentimita 247 na ushee. Kabati lingekwama kwenye dari likiwa bado limeinama, na lisingesimama kamwe, ingawa kimo chake ni kidogo kuliko dari. Tukaligawa: sanduku la chini lenye milango, la juu lenye rafu, yakaunganishwa kwa boliti ndani ya nyumba. Tangu hapo kila kabati refu nalipima kwa mshazari, na napima pia mlango wa mbele, kona ya korido na ngazi. Ukiwa na mfano wa karatasi ngumu wa ukubwa halisi wa upande wa kabati, utembee nao kutoka mlangoni mpaka chumbani. Unachukua dakika chache na unajibu maswali ambayo mchoro haujibu.

Kuhusu rafu za vitabu, vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani. Rafu ikiwa ndefu maradufu, kwa mzigo uleule kwa kila sentimita, hainepi mara mbili, inanepa mara 16. Lakini ukiongeza unene maradufu ugumu unapanda mara nane. Ndiyo maana rafu ya unene wa milimita 18 naiachia urefu usiozidi sentimita 75 hivi, na nikitaka ndefu zaidi nabandika ubao uliosimama kwenye ukingo wa mbele. Ubao huo huonekana kama pambo, na kumbe ndio unaobeba.

Makubaliano tuliyaandika, na hapo namshukuru dada mwenyewe kwa sababu yeye ndiye aliyedai. Mchoro wenye vipimo, aina ya mbao, rangi ya mwisho, tarehe, malipo ya awali, na sentensi moja kwamba badiliko lolote baada ya mbao kukatwa litajadiliwa upya kwa maandishi. Rangi tuliichagua kwenye vipande vilivyotoka kwenye mbao zilezile, vikiwa vimepigwa msasa na kupakwa vanishi ileile, vikapelekwa kwake akavitazama mchana na usiku chini ya taa zake. Usikubali kuchagua rangi kwenye simu. Vanishi moja juu ya msonobari na juu ya mkangazi ni rangi mbili tofauti kabisa.

Sasa meza. Vipimo vya msingi ni vilevile karibu kila mahali: kimo sentimita 75, kiti sentimita 45, kila mtu apate upana wa sentimita 60 wa kukaa bila kugongana viwiko. Miguu niliiunga na fremu kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya mbao moja inayoingia kwenye tundu la nyingine, ulimi ukichukua theluthi moja ya unene wa mbao. Uso wa meza ulikuwa wa tiki, upana wa sentimita 100, mbao sita zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Tiki ina mafuta yake ya asili ambayo hukataa gundi, hivyo nilifuta kila ubavu kwa kitambaa chenye thina muda mfupi kabla ya kupaka. Viungo vilishika vizuri sana. Nilijivunia uso ule. Nikaufunga kwenye fremu kwa gundi na skrubu kuzunguka pande zote, nikiamini kwamba kadiri ulivyobanwa ndivyo utakavyodumu.

Msimu wa ukavu ulipoingia, dada akaniandikia: "Fundi, naomba uione meza." Akaambatanisha picha. Ufa ulikuwa umeanzia kichwani ukaingia mpaka karibu na katikati, mpana kiasi cha kuingiza ukucha. Nilikaa nayo ile picha muda mrefu kabla ya kujibu. Kilichoniumiza zaidi ni yeye kutokukasirika. Aliuliza tu kama meza iko salama kwa watoto.

Nilipoifungua niliona kwamba hakuna kiungo cha gundi kilichoachia. Mbao yenyewe ndiyo iliyopasuka. Hesabu ilikuwa mbele yangu: mbao zile nyingi zilikuwa za mistari iliyolala, na unyevu wake ulikuwa umeshuka kwa asilimia nne hivi. Kwa upana wa sentimita 100 hiyo ni karibu milimita saba za kusinyaa. Fremu ya chini, ambayo nyuzi zake zilikwenda kwa urefu upande ule, haikusinyaa hata kidogo. Uso ulitaka kusogea milimita saba na nilikuwa nimeufunga usisogee. Kitu kimoja kilipaswa kuachia.

Kuitengeneza kulimaanisha kuung'oa uso wote, kuuchana kwenye mstari wa ufa, kuzinyoosha kingo mbili mpya kwa randa ndefu, kuunganisha tena, kupiga msasa upya na kupaka upya. Gundi na vanishi mpya, usafiri wa kwenda na kurudi na muda wote ule ulikula faida ya meza hiyo yote. Sikumdai chochote, na sioni kama ningeweza kumdai. Safari hii uso niliushika kwa vibao vidogo vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji uliochongwa upande wa ndani wa fremu. Vinauvuta uso chini, na vinauacha uteleze. Unaweza pia kutumia skrubu kwenye matundu marefu badala ya ya duara, urefu wa tundu ukielekea upana wa meza. Na upande wa chini wa uso, usioonekana, upake vanishi sawa na wa juu. Upande mmoja ukinyonya hewa haraka kuliko mwingine, meza itajikunja hata kama hukuibana popote.

Pambo la ukutani ndilo lililonipa furaha kubwa, na ndilo watu wengi hulidharau wakidhani ni kazi ya mabaki. Dada alitaka kitu cha upana wa sentimita 120 na kimo cha 80, chenye mawimbi ya mbao za rangi tofauti. Nilikata vijiti vya unene mbalimbali, milimita 8, 12, 16 na 20, ili uso upande na kushuka. Vile vya rangi moja vikiwa na vimo tofauti, mwanga wa dirishani unachora vivuli ambavyo hubadilika kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa sababu hiyo kabla ya kupanga chochote nenda ukauone ukuta wenyewe na ujue mwanga unatoka upande gani. Ukiwa unatoka kushoto, vijiti vilivyosimama wima ndivyo vitakavyotoa vivuli virefu. Vijiti vilivyolala vitaonekana bapa.

Nilipanga kila kitu sakafuni bila gundi, nikaacha siku kadhaa, nikawa napita na kubadilisha. Nilikuja kugundua kwamba jicho linachoka pambo likiwa na rangi nyingi za nguvu sawa. Rangi moja itawale, ya pili isaidie, na ya tatu itumike kwa uchache mno. Mimi nilitumia tiki kama msingi, mkangazi kama kivuli, na mistari michache ya mpingo ambayo weusi wake unakusanya macho.

Rangi za mbao hazikai kama ulivyoziacha. Padauki, aina ya mbao ngumu, ikikatwa leo ni nyekundu ya kuwaka, na baada ya kukaa kwenye mwanga inageuka kahawia. Tiki iliyotoka kwenye randa ina mabaka ya kijivu na kijani yanayotisha, kisha mwanga unayasawazisha yakawa dhahabu. Kabla ya kuamua, chukua vipande vya kila aina, funika nusu kwa karatasi nyeusi, viache juani. Tofauti kati ya nusu mbili itakuonyesha pambo lako litakavyofanana baadaye. Padauki niliiondoa kwenye mpango wangu kwa jaribio hilo.

Nyuma ya pambo usitumie mbao nzima. Vijiti vikibandikwa juu ya ubao mpana unaosinyaa, vitaachana au vitaupindisha. Tumia plaiwudi, kwa kuwa matabaka yake yamepishana nyuzi na haibadiliki sana kwa upana. Fremu inayozunguka iachwe na mwanya wa milimita tatu au nne kutoka kwenye vijiti. Mwanya huo unavipa nafasi, na pia unatoa mstari mweusi mzuri unaolifanya pambo lionekane linaelea.

Kabla ya kubandika, kila kijiti kipigwe msasa peke yake. Anza na namba 80, yenye chembe kubwa, kisha 120, 180, 220, bila kuruka. Ukiruka, mikwaruzo ya namba ya nyuma inabaki chini na inajitokeza vanishi ikishaingia, na wakati huo vijiti vimeshashikana, huwezi tena kufika kwenye kona. Weka taa chini upande mmoja, mwanga upite karibu sambamba na uso. Mikwaruzo yote itasimama.

Uzito nao uuhesabu mapema. Tiki ina kilo 650 hivi kwa mita moja ya ujazo. Pambo la ukubwa ule, likiwa na wastani wa milimita 14 za tiki, ni karibu kilo 9, na plaiwudi ya milimita 12 inaongeza karibu 7. Ukiongeza fremu unakaribia kilo 18. Kitu hicho kinakaa juu ya vichwa vya watu waliokaa kwenye sofa, kwa hiyo misumari miwili na waya havifai. Nilichana ubao mmoja katikati kwa pembe ya digrii 45. Nusu moja ilifungwa ukutani kwa skrubu ndefu na plagi, mdomo wake ukiangalia juu na ndani, nusu nyingine ikafungwa nyuma ya pambo ikiangalia chini. Unalinyanyua, unaliteremsha, linajikaza lenyewe kwa uzito wake. Na likiwa limeenda upande, unalisogeza bila kutoboa ukuta tena. Kuhusu kimo, juu ya sofa acha sentimita 15 hadi 25 kutoka mgongo wa sofa, na upana wa pambo uwe karibu theluthi mbili za sofa.

Mambo mawili ya usalama sitaki yapite. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kitambaa cha kufunga usoni hakitoshi. Tafuta barakoa ya kuchuja vumbi laini, na ufanye kazi mahali hewa inapopita. La pili ni matambara yenye mafuta ya kitani. Yakikunjwa na kurundikwa pembeni hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka bila cheche yoyote. Yatandaze moja moja nje mpaka yakauke, au yazamishe kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Nikija kwenye malipo, nilikuwa nimehesabu mbao na saa za kukata na kuunga. Sikuhesabu saa za msasa na vanishi, ambazo kwenye pambo zilikuwa nyingi kuliko saa za kukata. Sikuhesabu karatasi za msasa, gundi, kunoa misumeno, safari za kupima, wala siku ya kufunga kabati. Wala sikuhesabu mbao zinazotupwa. Kutoka kwenye mbao ghafi kwenda kwenye vipande safi, kwa fundo, nyufa za vichwani na unene unaoliwa na randa, naongeza sasa theluthi moja juu ya mahitaji. Malipo ya awali yanalipia mbao zote, ili mteja akiahirisha nisibaki na deni la mbao.

Juzi mteja mwingine alitaka meza ya kulia ndani ya wiki mbili, na mbao nilizokuwa nazo zilisoma asilimia 19. Nilimwonyesha kifaa, nikamweleza kitakachotokea, nikamwambia siwezi kuanza. Alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna kitu ambacho naweza kumpa kwa wiki hizo mbili kwa ajili ya ukuta wa chumba hichohicho cha kulia. Kwenye rafu nilikuwa na vijiti vyembamba vilivyokaa ndani kwa muda mrefu, vikisoma asilimia 11, na plaiwudi ya kutosha. Tukakubaliana pambo kwanza, meza mbao zitakapokuwa tayari.